Kodi Haisubiri Fundi

Hapa Nyegezi bati likitoboka, kwanza anatafutwa mwenye kosa. Mwenye nyumba atakuuliza kama mmeanika dagaa juu ya paa, kama watoto wenu wanarusha mawe, kama mnapika kwa moshi mwingi. Ukimwonyesha dari ilivyojichora ramani ya ziwa, hadi na Ukerewe yake, atakwambia fundi yuko njiani. Fundi huyo angekuwa anatoka Bukoba kwa miguu, angeshafika.

Kodi, kwa upande wake, haijui kuchelewa. Ni miezi sita kwa mkupuo, na ujumbe wa kukumbushwa huingia alfajiri, mtandao ukiwa na afya tele.

Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani kuanzia shilingi 100,000, ikayakabidhi kwa Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 Msajili naye akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962. Yaani nchi hii imeweza kubadili wenye nyumba kwa maelfu ya wapangaji, lakini koki moja ya chooni kwetu bado haijapata mrithi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutaja nani atanunua saruji. Basi mpangaji akichoka kungoja, akaziba mwenyewe na rangi juu akapaka, mwenye nyumba huja kukagua, hutabasamu, hushukuru. Mwezi unaofuata kodi inapanda. Sababu? Nyumba imeboreshwa.