Jinsi ya Kusaka Hazina Katavi Bila Wewe Kusakwa

Mchezo wa kusaka hazina kwa GPS ulianzia Oregon, Marekani, Mei 3, 2000, siku moja tu baada ya serikali ya huko kuacha kupotosha mawimbi ya GPS kwa raia. Dave Ulmer alificha ndoo porini, akatangaza namba za mahali ilipo, wenzake wakaenda kuitafuta. Kanuni zake ni fupi: fuata namba, fichua kopo lililofichwa, andika jina, ukichukua kitu uache kingine. Ukizileta Hifadhi ya Taifa ya Katavi, zirekebishe kwanza, maana wenye nyumba wana meno.

1. Kopo libaki mjini Mpanda. Hifadhini hakifukiwi kitu, hakiokotwi kitu. Mchezo wenyewe unavyo vituo visivyo na kopo: unafika, unatazama, unaandika ulichokiona.

2. Vaa rangi ya majani makavu. Bluu na nyeusi huwaita ndorobo, na ndorobo akishakuuma utaiangusha simu kabla hujasoma namba.

3. Mfuate askari wa hifadhi, si mshale wa simu. Simu inajua njia iliyonyooka. Askari mwenye bunduki anajua nyati amelala wapi. Mshale ukisema bado mita 40 na askari akasema simama, umefika.

4. Anzia kijiji cha Sitalike, kama kilomita 35 kusini mwa Mpanda. Kiangazi kikikolea, Mto Katuma hubaki madimbwi, na viboko hubanana kwenye tope, mgongo juu ya mgongo, wakikoroma na kugombana. Wahesabu kwa mbali. Usisimame kati ya kiboko na maji yake: anakushinda mbio, na hana desturi ya kupita pembeni.

5. Shimo la ukingoni si maficho ya kopo. Mamba wa Katavi hujihifadhi humo maji yakipungua, wakingoja mvua. Usiingize mkono, wala fimbo, wala mkono wa rafiki yako.

6. Malizia kwenye mkwaju wa Katabi, karibu na Ziwa Katavi. Wenyeji huamini kwamba roho ya Katabi, mwindaji wa masimulizi yao, inakaa ndani ya mti huo, nao huweka sadaka shinani. Watu walikuwa wakiijua njia ya hapo na kuacha kitu chao bila msaada wa setilaiti yoyote. Hapa ile kanuni ya kuchukua na kuacha ife kabisa. Shusha sauti, mikono nyuma, na usipige picha kabla ya kuomba ruhusa.

Katavi ni hifadhi ya taifa tangu 1974, na kilomita zake za mraba 4,471 zinatosha viboko, mamba, nyati na sadaka za watu. Hazihitaji makopo yetu. Lile uliloliacha Mpanda lifanye kibubu, udundulize nauli ya safari ya pili.