Muulize Mzee wa Benchi: Ng'ombe Aliyelipishwa Bei Yake

*Mzee wa Benchi, naishabikia Manchester United tangu utotoni. Kila wikendi natoka banda la mpira kichwa kinaniuma, mke wangu ananiuliza leo ni malaria au ni United. Nikifika nyumbani nawasha gemu, naichukua United ileile, naipa ubingwa, nalala vizuri. Marafiki wanasema nimechanganyikiwa. Nitafute tiba wapi? — Mgonjwa, Minjila*

Mwanangu, usipoteze nauli kwenda Malindi kutafuta daktari. Unadhani unaumwa na kufungwa, lakini kufungwa hakumtii mtu wazimu. Mfugaji wa delta hii ya Tana hupoteza mifugo ukame ukibana, na mkulima wa mpunga huona shamba zima likimezwa na Mto Tana, na bado asubuhi wanaamka wakapanga upya, kwa sababu aliyechagua kupanda ndiye aliyepata hasara. Kinachochoma ni kubeba hasara ya uamuzi ambao hukuitwa kwenye kikao chake, tena uibebe miaka ishirini huku ukisema "tumefungwa", "tumesajili", "tumemfukuza kocha". Hilo "tu" lako ndilo linalouma.

Tazama ilivyokuwa. Mwaka 2005 familia ya Glazer ya Marekani iliinunua Manchester United kwa takriban pauni milioni 790, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mkopo. Mzigo mkubwa wa mkopo huo ukatwikwa klabu yenyewe, ambayo kabla ya hapo haikuwa na deni la kutajika. Tuilete habari hii mnadani Garsen. Mtu anamtamani ng'ombe wako wa maziwa, mfukoni hana za kutosha. Anakopa, anakulipa, anamfunga kamba ng'ombe, na wakiwa njiani kurudi anamnong'oneza: mkopo huu utaulipa wewe. Tangu siku hiyo asubuhi anakamuliwa riba, kwa miaka kadhaa jioni alikamuliwa na gawio la wenye hisa, na zizi likianza kuvuja hakuna wa kulikandika. Wewe Mgonjwa wa Minjila katika kisa hiki si mwenye ng'ombe, wala si ng'ombe. Wewe ni mnunuzi wa maziwa ambaye kila mwaka kikombe kinapungua na bei inapanda, na bado ukipita njiani unamwonyesha mwanao ng'ombe huyo ukisema, "Yule ni wetu." Mwenyewe hasemi "wetu". Hisa za klabu zinauzwa katika soko la New York tangu 2012, na huko kufungwa nyumbani na timu ndogo ni mstari mmoja katika hesabu za robo mwaka.

Najua utakaloniambia, kwa sababu kila mtetezi wa matajiri hulisema: mbona chini ya Glazer tulibeba ligi mara tano, na Ulaya mwaka 2008? Ni kweli, na mtu mwaminifu asilifiche. Lakini uliza nani alikuwa benchini. Alex Ferguson alifika Old Trafford mwaka 1986, miaka karibu ishirini kabla ya wanunuzi hawa, na ndiye aliyekuwa akiulisha mwili uliokuwa ukikamuliwa. Alipostaafu 2013 aliondoka na ubingwa wa ishirini wa klabu, na wa ishirini na moja haujaonekana mpaka leo. Mafanikio ya kurithi ni kama unyevu wa ardhi baada ya mafuriko: unaweza kupanda msimu mmoja au miwili bila mvua na watu wakakusifu kuwa mkulima hodari.

Kisha unyevu ukakauka. Mei 2024, baada ya mechi na Arsenal, mvua ilipita kwenye paa la Old Trafford ikamwagika jukwaani kama maporomoko. Msimu uliofuata, 2024/25, timu ikamaliza nafasi ya 15 ikiwa na pointi 42 na vichapo 18 vya ligi. Jim Ratcliffe, tajiri wa Kiingereza aliyenunua zaidi ya robo ya hisa mwanzoni mwa 2024, aliingia na panga la kubana matumizi. Mamia ya wafanyakazi wakapunguzwa, tiketi za mechi zilizokuwa hazijauzwa msimu huo zikawa pauni 66 kwa mtoto na mzee sawasawa, na wafanyakazi wa Old Trafford wakaondolewa chakula cha mchana cha bure wakabakiziwa matunda. Hapo ndipo unapoona hesabu inavyosomeka. Usajili mbovu ulifanywa juu, na mama anayejibu simu za klabu akapewa ndizi.

Sasa turudi kwenye gemu lako. Marafiki wanasema unakimbia ukweli. Kama ungekuwa unakimbilia ushindi tu, ungeweka kiwango chepesi kabisa, ukawafunga watu kumi bila, na usingizi ungekuja mapema zaidi. Hufanyi hivyo. Wewe unachukua umeneja wa msimu mzima, unanunua beki mzito kwa fedha nyingi, halafu miezi tisa unamtazama akikimbizwa kama mbuzi, na bodi ya kompyuta inakutishia kazi. Waliocheza gemu la zamani la PES katika ligi ile ya kuanzia chini wanawakumbuka akina Castolo na Minanda, wachezaji wasiokuwepo duniani, wabovu kweli, uliokabidhiwa ili uanze nao. Watu waliwapenda kuliko mastaa halisi. Sababu ni kwamba ndani ya gemu uamuzi na hasara vimekaa kiti kimoja. Huwezi kumpandishia tiketi mtu asiyekuwepo ili akulipie beki mbovu. Unachokifuata usiku ni uadilifu mdogo ambao mchana umenyimwa, na hilo silioni kuwa wazimu.

Gemu nalo lina uongo wake, nisije nikakusifu ukaacha kazi. Kelele za mashabiki mle ni sauti iliyorekodiwa, na hakuna mpishi wala mfua jezi. Ukimaliza msimu unazima, na hakuna mtaa uliofungua maduka kwa ajili ya siku ya mechi ukafunga kwa sababu yako.

*Mzee wa Benchi, kijana wangu anamaliza tokeni za stima kwa gemu, na pesa ya mandazi anaiacha kibandani, shilingi 20 kwa mechi. Nikimgombeza anasema anafundisha timu. Nimnyang'anye pedi? — Mama Tokeni, Garsen mjini*

Mama, heshima yako. Tokeni ni haki yako na mita haidanganyi, kwa hivyo mpangie kipimo kama unavyopima unga, na chake kikiisha kimeisha. Lakini kabla ya kunyang'anya pedi, chunguza pesa yake inakwenda kwa nani na kwa masharti gani, maana vijana wanaposema "gemu" wanachanganya mambo matatu yasiyo na undugu.

La kwanza ni kibanda chenyewe. Pale kuna benchi la ubao, televisheni, pedi mbili ambazo moja kitufe chake kimezama, na sheria moja: anayefungwa anapisha. Mtoto wa mwenye duka akifungwa anapisha, na wa mvuvi akishinda anabaki. Mama, hiyo ni sheria ambayo mabwana wa klabu kubwa za dunia hawajawahi kuishi chini yake hata siku moja. Shilingi 20 zimenunua dakika kadhaa na somo, na mwenye kibanda ni mtu unayemjua, unaweza kumwendea saa moja jioni ukamwambia amfukuze.

La pili limejificha. Gemu lile ambalo vijana wote wanaliita FIFA haliitwi hivyo tena, kwani mwaka 2023 kampuni ya EA ilipoachana na shirika la FIFA ilibadilisha jina, ikabidi kila aliyelizoea azoee jipya (vibandani hakuna aliyejisumbua). Ndani yake kuna pakiti za wachezaji zinazouzwa kwa pesa halisi, unanunua bila kujua utapata nani. Ubelgiji ilizichunguza pakiti za namna hiyo mwaka 2018 ikasema hii ni kamari, na mwanzoni mwa 2019 EA ikaacha kuuza huko pesa za kununulia pakiti. Kijana wako akianza kuomba pesa ya "pakiti", hapo mama nyanyuka.

La tatu ni mkeka wa kubeti. Huo usiuite gemu hata kwa utani, maana hauna kupishana. Anayefungwa ni mmoja tu siku zote, na aliyeandaa hapishi kiti. Nao mkeka una kisa chake na klabu zetu. Gor Mahia na AFC Leopards walivaa jina la kampuni ya kubeti ya SportPesa kifuani, na mwaka 2019, kampuni hiyo ilipogombana na serikali kuhusu kodi na leseni, ilikata udhamini na klabu zikabaki na mishahara isiyolipika. Watu walilia kwamba mpira wa Kenya umeonewa, lakini ile mishahara ilikuwa ikitoka mfuko gani? Kwa kiasi kikubwa ilitoka kwa shabiki yuleyule aliyekosa mkeka Jumamosi, ikazunguka Nairobi ikarudi uwanjani ikiitwa udhamini. Ng'ombe tena, mama. Safari hii mnunuzi wa maziwa ndiye aliyefungwa kamba.

*Mzee wa Benchi, timu yetu ya kijiji haina hata jezi. Mheshimiwa mmoja anayetafuta kura ameahidi jezi seti nzima, mipira mitatu na nauli za kwenda mechi, mradi timu iitwe kwa jina lake. Vijana wanataka, wazee wamekataa. Tufanyeje? — Katibu, upande wa Ngao*

Katibu, barua yako ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu wewe una kitu ambacho Mgonjwa wa Minjila hatakipata maishani: kura. Wazee wako wanataka timu ibaki ya watu. Vijana nao watakujibu, na wasipuuzwe, kwamba timu za watu nazo tumeziona. Gor iliyoanzishwa 1968 na Leopards ya 1964 ni za wanachama, zina mashabiki wa kujaza uwanja wowote Kenya, na hadithi zake ni madeni, makundi na chaguzi zinazoishia mahakamani. Leopards haijabeba ligi tangu 1998. Hapa Pwani, Feisal ya Mombasa ilitwaa ubingwa mwaka 1965 na kombe hilo halijavuka kurudi kwetu. Bandari, timu ya Mamlaka ya Bandari, ina mwajiri nyuma yake, na mwaka 2019 ilibeba Kombe la Shield. Kwa hivyo anayesema tajiri ni shetani na mwanachama ni malaika anawadanganya vijana.

Kipimo changu ni kilekile nilichompa Mgonjwa: mambo yakiharibika, huyu anaumia pamoja na nyinyi? Wajerumani waliandika kipimo hicho kuwa kanuni mwaka 1998, kwamba wanachama wabaki na zaidi ya nusu ya kura za klabu, ingawa waliacha vijilango kadhaa. Simba ya Dar es Salaam ilianza kujaribu njia inayofanana mwaka 2017, tajiri Mohammed Dewji akaahidi shilingi bilioni 20 za Tanzania kwa asilimia 49, wanachama wabaki na 51, na utekelezaji wake ukachukua miaka ya mabishano. Upande wa pili kuna Bury ya Uingereza, klabu ya mwaka 1885, iliyouzwa kwa pauni moja, na Agosti 2019 ikafukuzwa ligi kwa kushindwa kuonyesha itakavyolipa madeni. Aliyenunua kwa pauni moja ana pauni moja ya kupoteza. Mji ulipoteza miaka 134.

Mtu atasema hizo ni habari za mbali, kijiji cha Ngao hakina hisa za kuuza. Kinazo. Jina la timu ni hisa, na ndiyo peke yake mliyo nayo. Wenye klabu ya Wimbledon ya Uingereza waliporuhusiwa kuihamishia Milton Keynes, mashabiki walianzisha AFC Wimbledon mwaka 2002, wakawafanyia wachezaji majaribio kwenye uwanja wa wazi wa mtaani, wakaanza na ligi za chini sana kama mtu wa gemu na akina Castolo wake, na 2011 walikuwa wamerudi ligi za kulipwa. Wenye klabu walihama na nafasi ya ligi. Jina hatimaye lilibaki na watu, na ndilo lililowaita kurudi.

Basi jezi chukueni. Anaweza kuandika jina lake mgongoni, kwenye mkono, hata kwenye soksi akipenda. Jina la timu msimpe, kwa sababu uchaguzi wa Agosti 2027 ukipita, akishinda atahamia Nairobi, akishindwa atazikumbuka jezi zake, na nyinyi mtabaki mkiitwa kwa mtu asiyepokea simu. Nauli mwambie alipe kwa mkupuo, si mechi kwa mechi, la sivyo mtakuwa mnacheza pale tu anapokuwa na mkutano.

Halafu kuna ile mipira mitatu. Uwanja wenu nadhani umezungukwa na mathenge kama viwanja vingi vya huku, na mwiba wa mathenge hauulizi mpira ulinunuliwa na nani. Mpira ukitoka nje mara moja, pumzi imekwisha. Mto ukifurika mtahama mahali pengine, na huko pia kuna mathenge. Mipira mitatu ikiisha mapema, muulizeni leo, mbele ya vijana na wazee, wa nne ataununua nani. Jibu lake liandike katika daftari la timu, pamoja na tarehe, umpe kalamu atie sahihi.