Kambare wa Njia ya Bamba

"Mjukuu wangu, samaki zako wanatembea."

Hawe, nyanya jirani yangu, alinipigia juzi saa saba mchana, nami niko matangani na tonge la wali mkononi. Simu yangu haisikiki bila spika, kwa hiyo wafiwa nao walisikia. Nikamjibu kwa adabu: hawe, samaki hawatembei. Nusu ya matanga ikanifuata hadi kwangu Ganze kushuhudia.

Walikuwa wanatembea. Kambare ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa, na miba ya mapezi ya kifuani humfaa kama magongo. Mmoja nilimkuta ameshapita mlango wa jiko, ameshika njia ya Bamba kama mgeni aliyekosana na wenye nyumba. Bwawani kulibaki tope, turubai na pampu inayokoroma.

"Kwani ulikuwa unawafuga," mzee mmoja akauliza, "au walikuwa wanapita tu?"

Kosa ni la pipa la kuchujia maji. Haya, ni langu. Kambare hutoa amonia, na maji yasiyobadilishwa humgeukia sumu. Chujio basi si la kunasa taka tu. Kwenye kokoto hujijenga bakteria: kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine huipokea nitriti na kuifanya nitrati, ambayo samaki huivumilia na mimea huililia. Vibarua wa ajabu hawa, hawadai mshahara wala chai ya saa nne. Wanachotaka ni kutoharakishwa, maana maji yakipita mbio hutoka vile vile yalivyoingia. Nilijaza kokoto pipa la lita 210, nikaliinua juu ya matofali, nikalitoboa chini na kutia paipu ya inchi moja irudishe maji bwawani yenyewe. Kisha nikanunua pampu ya sola ya lita 6,000 kwa saa, kwa bwawa la lita 3,000. Dukani kulikuwa na ndogo na kubwa, na mke wangu alikuwa amesimama kando yangu.

Niliijaribu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jua bado changa, pampu ikavuta kwa uvivu, maji yakaingia na kutoka kwa heshima zote. Nikaridhika, nikaenda zangu matangani. Pampu ya sola isiyo na betri hufuata jua, na jua la Ganze la saa sita halina utani. Sasa nimepima kwa ndoo ya lita 20. Pampu huijaza kwa sekunde 15, yaani lita 80 kwa dakika (zile 100 za kwenye boksi ni za maji yasiyopandishwa popote). Paipu ya kutokea huijaza kwa sekunde 40: lita 30. Lita 50 zinazobaki hupanda mdomo wa pipa zikaenda zitakako, kila dakika, na baada ya saa moja bwawa halipo. Hesabu ya darasa la tano, na mimi nilifika mbali zaidi.

Lita 3,000 ni mitungi 150, na yote ililetwa kwa bodaboda. Maji ya mto Sabaki huvutwa Baricho, humu humu kaunti ya Kilifi, yakasukumwa mpaka Mombasa. Yanaijua njia ya hotelini. Kwangu bomba hukohoa upepo, na bili ya upepo naletewa. Jua ndilo pekee tunalopewa bila mgao, nalo ndilo lililonimwagia maji.

Nimetia koki ya kupunguza: paipu ikachomoka, ikamwogesha fundi. Nimepanua tundu kwa chuma cha moto: pipa limebaki na mdomo kama kiboko.

Kambare walionusurika wako kwenye karai. Maji yao yaliteremkia shamba la hawe, na mahindi yaliyokuwa yamejikunja kama sigara yameamka. Leo asubuhi alikuja kunijulia hali, akaketi, akalitazama pipa kwa muda.

"Mjukuu wangu, matanga mengine unakwenda lini?"