Heko, Fundi wa Jumamosi

Wanaomcheka mwenye gari aliyejifunza ufundi kwa video ya dakika 7 wana husuda tu. Kijana wa gereji hushikishwa tochi na kuosheshwa spana miezi na miezi kabla ya kuruhusiwa kugusa injini. Rubani naye, maskini, hupoteza muda darasani. Kaka yetu aliamka, akavaa bukta, akaingia uvunguni mwa gari kubadilisha oili ya injini.

Na nati aliifungua kweli. Oili iliyotoka ilikuwa nyekundu, safi, wala si nyeusi kama wanja, rangi ya oili ya injini iliyochoka. Mwoga angeshtuka. Yeye aliona ni dalili ya gari lililotunzwa. Akachomeka bomba la chuma kwenye mkono wa spana, akakaza nati mpaka ikalia “ka!”, kisha akaimiminia injini lita 4 juu ya zile zilizokuwamo. Giaboksi ikabaki kavu. Mgawo huu si mgeni kwetu, tunausikia kila bajeti ikisomwa: aliyeshiba aongezwe, mwenye njaa avumilie.

Moshi ulipojaa mtaa mzima, alitueleza kwamba gari sasa linapumua.

Fundi alikuwa ametaka 10,000 za kazi. Zimeokolewa, ziko salama mfukoni, zinasubiri malaki wenzao waandamane kununua giaboksi nyingine. Husemwa hakuna kujifunza bila kukosea. Kwa kipimo hicho, shahada ya uzamivu imechelewa tu kuletwa.

Jumamosi ijayo ni zamu ya breki. Watoto tumeshawahamishia uwanja wa shule.