Mjamzito wa Karatasi ya Mtihani

Mwanafunzi wa udaktari anayejiandaa kwa mtihani wa uzazi na magonjwa ya wanawake hukariri kanuni ya Naegele, inayokadiria siku ya kujifungua kwa kuchukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kuongeza siku 7, kurudi nyuma miezi 3 na kusogeza mwaka mmoja, ili jumla ikaribie siku 280. Mjamzito wa karatasi ya mtihani ni mstaarabu kupindukia: anaikumbuka tarehe, mzunguko wake ni wa siku 28 kamili, wala hana mama mkwe wa kumjibia maswali. Yule wa kliniki husema tu kwamba ilikuwa karibu na mfungo, jibu ambalo watahini, kwa busara zao, hawakulitengea alama. Na mtoto mwenyewe, ambaye ni nadra kuzaliwa siku hiyohiyo iliyokadiriwa, angepewa sifuri.