Jinsi ya Kuizamisha Khedive Ismail Mara ya Pili

Hongera, mtayarishaji. Umeangukia kisa ambacho Hollywood haijakigusa. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyong'oa nanga Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani I-27 karibu na visiwa vya Maldivi. Walikufa watu 1,297 na kuokoka 214. Abiria 996 walikuwa wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, wakipelekwa kwenye vita dhidi ya Mjapani. Kisa kipo, fedha zipo. Kilichobaki ni kukiharibu kitaalamu.

1. Tafuta steringi

Kila mtoto aliyekulia kwenye vibanda vya video anajua kwamba steringi hafi. Basi asitoke Kikosi cha 301. Hao kazi yao ni kufa, tena kwa mkupuo. Nafasi mpe Kenneth Gandar-Dower, mwandishi wa habari wa Kiingereza aliyekuwemo melini. Bwana huyu alipeleka duma kutoka Kenya hadi Uingereza, na mwaka 1937 akawashindanisha kwenye uwanja wa mbio za mbwa. Nani ataacha duma? Nusu saa ya kwanza iwe yao. Kasoro moja tu: Gandar-Dower naye alikufa siku ile. Hilo mwandishi wa mswada atalirekebisha.

2. Weka mapenzi

Tangu Titanic ya 1997 na Pearl Harbor ya 2001, ni mwiko meli kuzama kabla watu wawili hawajapendana. Bahati nzuri melini kulikuwa na wauguzi zaidi ya 50. Chagua mmoja mwenye nywele zinazokubali upepo, wengine wasimame nyuma wakichekacheka. Kwamba wanawake wote waliotoka hai walikuwa 6 usiseme mapema, utaharibu ucheshi.

3. Rekebisha saa

Hapa historia imekukosea adabu. Meli ilizama kwa dakika mbili hivi. Ukizionesha zilivyokuwa, mtazamaji aliyeinama kuokota bisi atainuka akute bahari tupu, na atadai kiingilio chake. Zivute zifike dakika 40. Nahodha ahutubie, muuguzi apoteze kidani, steringi arudi chini kukifuata.

Lakini angalia usije ukafikiria sana kuhusu hizo dakika mbili. Zinaeleza kwa nini waliokufa ni wengi hivyo: aliyekuwa sitaha za chini hakuwa na muda wa kuifikia ngazi, sembuse mashua.

4. Panga vizuri pa kuweka kamera

Baada ya meli kuzama, I-27 ilijificha chini ya watu waliokuwa wakielea. Manahodha wa manowari mbili za Kiingereza zilizoulinda msafara, Petard na Paladin, walikuwa na uamuzi mchungu. Wakiiacha nyambizi, itashambulia meli nyingine za msafara. Wakiipiga, wataua watu wao waliomo majini. Petard ikadondosha mabomu yanayolipukia chini ya maji, na watu wakafa kwa mabomu ya upande wao. Nyambizi ilizamishwa hatimaye, baada ya mapambano marefu.

Kamera ikae kwenye uso wa nahodha wa Petard. Jasho, kisha ukimya, kisha chozi moja la jicho la kushoto. Tuzo hiyo! Usithubutu kuishusha majini, kwa mpiga mizinga aliyekumbatia ubao na kuona manowari ya wakubwa wake ikimjia mbio, akainua mkono. Ukimwonesha huyo, watazamaji watataka kujua jina lake, na wewe hukumwandikia jina.

5. Askari waimbe

Wimbo hauhitaji kuandikiwa maneno ya maana. Waimbe wakipanda meli, waimbe usiku, na kwenye manukuu andika "wanaimba". Usiwape mazungumzo. Hawa walikuwa watu waliofunzwa kupima masafa na kulenga mzinga, na kambini waliunganishwa na Kikeya, kile Kiswahili cha jeshi. Ukiwaacha waongee, watabishana juu ya mshahara, watamsengenya sajenti, watamkumbuka mke aliyeachiwa shamba. Mtu wa namna hiyo hafai kuwa mandhari.

6. Jiandae kwa lawama

Mwaka 2000 Waingereza walifura filamu ya U-571 ilipowapa Wamarekani sifa ya kupora mashine ya siri ya Kijerumani, Enigma. Walikuwa na haki. Miongoni mwa walioifanya kazi ya namna hiyo kweli walikuwa mabaharia wa Petard, manowari yetu hii hii. Mwaka 1942 walitoa vitabu vya siri ndani ya nyambizi U-559, na wawili wakazama nayo. Kuporwa ushujaa wa wafu wako kunauma, waulize wao. Kisha chukua ushujaa wa wafu wa Kikosi cha 301, uwape duma.

7. Usiende Nairobi

Kwenye makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong upo mnara unaowakumbuka waliozama na Khedive Ismail. Usitume mtafiti. Atarudi na majina, na majina yakishaingia kwenye mswada hayatoki bila ugomvi.

Mwisho, atakuja kijana wa Mombasa na mswada wake: kisa hiki hiki kwa Kiswahili, kinachoanzia gatini Kilindini, steringi akiwa mpiga mizinga, na steringi anakufa. Mwambie kwa upole kwamba soko halipo. Akiuliza nani alilipima, mwambie filamu zilizotangulia zilianguka. Akiuliza zipi, funga kikao.