Mzee Mfupa na Bi Sukari Waamua: Mambo Saba ya Vijana wa Gisenyi, Kuanzia Mkiani

Mpwa wangu wa miaka 13 aliniuliza: "Mjomba, kutoka kwetu mpaka ufukweni, hayo si mazoezi?" Nikamuuliza anakwendaje. "Kwa moto." Yaani pikipiki ya abiria. Ikabidi tuite waamuzi wawili. Mzee Mfupa ni mkaidi, hasisimki mpaka agongwe. Bi Sukari anasimamia sukari na mafuta mwilini, na yeye hufurahia jasho lolote.

7. Kupanda moto. Mzee Mfupa kalala. Bi Sukari kanuna. Dereva angalau anafinya breki.

6. Kuogelea Kivu. Bi Sukari anapiga vigelegele: msuli unaofanya kazi hujifungulia mlango wa sukari bila kungoja insulini ibishe hodi. Mzee Mfupa anauliza, huyu kabebwa na nani? Na maji, mzee. "Basi niamsheni akitoka." Ziwa lenyewe halina mamba, kwa hiyo hata sababu ya kukazana hakuna.

5. Baiskeli. Hapa wilayani Rubavu tunajivuna. Tarehe 14 Agosti 2022 tulipokea Ironman 70.3 ya kwanza ya Rwanda: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli kilomita 90, mbio kilomita 21.1. Moyo ulipata haki yake, Bi Sukari hakuwa na neno. Mzee Mfupa alisinzia kilomita 91.9, akaamka kwenye mbio. Hata waendesha baiskeli wa kulipwa, wenye mapaja kama nguzo, mara nyingi hupimwa uti wa mgongo ukakutwa na mifupa myepesi. Aliyeketi ameketi, hata akienda kasi. Yule kijana anayesukuma baiskeli yenye magunia ya viazi mlimani, tumwongezee alama: yeye anatembea, inayosafiri ni baiskeli.

4. Kutembea. Kwenda Goma kwa miguu kupitia mpaka wa Petite Barrière, na mzigo. Bi Sukari anapenda sana, hasa ukitoka kula ugali. Mzee Mfupa kafungua jicho moja. Ugali huo uwe na sambaza: samaki hao waliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na uzuri wao ni kwamba unawala na mifupa yao, kalsiamu yote ndani. (Mpwa wangu huwatoa vichwa. Nimesema nimechoka.)

3. Kandanda. Hapa waamuzi wote wawili wanasimama. Kukimbia, kukata kona ghafla, kuruka kwa kichwa, kutua: Mzee Mfupa anagongwa kila upande, nasi tunajua Stade Umuganda hakukaliki timu ya Etincelles ikikutana na Marine. Lakini mzee ana nongwa. Katika miaka miwili hivi inayozunguka kile kipindi mtoto anaporefuka mpaka suruali inamkimbia, mwili huweka karibu robo ya mifupa yote atakayokuwa nayo ukubwani. Kwa wasichana kilele cha kurefuka ni karibu miaka 12, kwa wavulana 14. Na miaka 12 ndiyo tunayomwambia msichana, "Kaa vizuri, wewe sasa ni mkubwa." Shirika la Afya Duniani linataka dakika 60 za mazoezi kwa siku kwa wenye miaka 5 hadi 17, na siku 3 kwa wiki za shughuli zinazoimarisha misuli na mifupa. Kwa takwimu zake za 2016, wasiofikisha duniani walikuwa asilimia 78 ya wavulana na 85 ya wasichana. Mpwa wangu kasikia hilo akanitazama. Nikakumbuka nilivyomfukuza uwanjani mwezi jana.

2. Ngoma ya Intore. Unesco iliiorodhesha mwaka 2024, Mzee Mfupa anadai alikuwa ameshaiorodhesha zamani. Kishindo, mruko, kishindo, pekupeku.

1. Kuruka kamba. Ndiyo, kamba. Babu zetu walikuwa na gusimbuka urukiramende: mwaka 1907 Dyuki Mjerumani, Adolf Friedrich wa Mecklenburg, alipofika kwa Mwami Musinga, alikuta vijana wakiruka ufito ulio juu ya vichwa vya watu, akapiga picha ili wa kwao wamwamini. Kamba ni mjukuu wa ufito ule, na bei yake ni bure ukimnyemelea mwenye mbuzi.

Jambo zuri zaidi kwa wavivu: mfupa huchoka kusikiliza upesi. Majaribio kwa wanyama yameonyesha kwamba baada ya miruko michache tu, seli zake huziba masikio, na huhitaji saa kadhaa za mapumziko ndipo zisikie tena. Kwa hiyo arobaini asubuhi na arobaini jioni zinampendeza mzee kuliko mia tatu kwa mkupuo. Bi Sukari hakubali. Yeye anataka uendelee. Waachie wagombane, wewe ruka.

Nilijaribu mwenyewe. Kwa umri wangu Mzee Mfupa hajengi tena, anakarabati tu. Mruko wa tisa kamba ikanichapa kisigino.

"Bado thelathini na moja, mjomba."

Nikasimamisha moto, nikarudi nyumbani.